Kompyuta ndani ya meza, mashini ndani ya kontena: Butembo na Beni tuko wapi?

Kwenye simu za vijana wengi wa Butembo na Beni zinapita video za aina moja. Mtu wa Ulaya au wa Asia anachonga meza, anaitoboa, halafu anaweka ndani yake kompyuta nzima ya kucheza michezo. Juu anafunika kwa kioo. Ndani kunapita mabomba yenye maji ya rangi, taa zinawaka, na mashini inafanya kazi bila kelele. Anayeitazama anajiuliza swali moja tu: hapa kwetu inawezekana?

Kwa upande wa mbao na mikono, jibu ni ndiyo, tena bila shaka. Mbao za Ituri na za Beni zinapita kwetu kila siku, na maseremala wa Butembo wanatengeneza meza za libuyu ambazo zinauzwa mbali. Vipuri navyo vinafika. Wafanyabiashara wetu wanaagiza Dubai, Guangzhou na Kampala, na mzigo unaingia kwa Kasindi.

Ugumu uko kwingine. Kompyuta yenye nguvu inaomba vitu viwili ambavyo dukani havipatikani: umeme usiokatika, na njia ya kutoa joto. Na hapo ndipo habari inakuwa kubwa kuliko meza ya kijana mmoja, kwa sababu katika wilaya ya Lubero kompyuta zenye nguvu kuliko hizo zinajulikana tangu mwaka wa 2020, tena kwa wingi. Hazikuwekwa mjini. Ziliwekwa kando ya kituo cha umeme wa maji, porini.

Maji yanafanya nini ndani ya kompyuta?

Tuanze na meza, juu bila kuelewa meza hatutaelewa Luviro.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unatoka kama joto. Karibu wote. Kompyuta inayotumia wati 700 inapasha chumba sawa na pasi ndogo ya umeme iliyoachwa ikiwaka. Kinachokula zaidi ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora michezo. Kadi ya Nvidia RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, inaweza kula wati 450 yenyewe tu. Iliyofuata, RTX 5090 ya Januari 2025, imefika wati 575. Ongeza ubongo wa kompyuta, diski, pampu na skrini, na mara umefika wati 800 wakati mchezo umepamba moto.

Joto hilo lisipotoka, kompyuta inajipunguzia mwendo, halafu inajizima. Kawaida feni ndiyo inalitoa. Wengine wanatumia maji, kwa sababu maji yanabeba joto vizuri sana: lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Pampu inasukuma maji yapite juu ya kipande cha shaba kilichogusa sehemu yenye moto. Maji yanachukua joto, yanalipeleka kwenye rejeta kama ile ya gari, na feni zinalipuliza nje. Kisha maji yanarudi.

Kumbuka neno hili: maji hayaui joto. Yanalihamisha tu. Ukifungia rejeta ndani ya meza isiyo na tundu, umepika kompyuta yako polepole, na miguu yako pamoja nayo. Ndiyo maana wanaojenga meza kama hizo wanaacha matundu mapana pande mbili, hewa ya baridi iingie huku na ya moto itoke kule.

Butembo tuko na bahati moja hapa. Mji uko juu, zaidi ya meta 1,700, na asubuhi zetu ni za baridi. Beni iko chini zaidi na joto lake ni kubwa zaidi. Lakini kimo kina upande wa pili: hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kimo cha Butembo, uzito wa hewa unapungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa kidogo. Halafu kuna vumbi. Wakati wa kiangazi, barabara zetu za udongo zinaingia mpaka ndani ya sufuria, sembuse rejeta yenye matundu madogo. Mtu wa hapa anayejenga mashini ya namna hii anahitaji chujio la kitambaa mbele ya feni, na kulisafisha kila juma.

Mafundi wanaojua kazi hii wana sheria zao, na ni vizuri kuzitaja kwa sababu maji na umeme si marafiki. Maji ya bomba au ya chemchemi hayafai, yana chumvi na udongo. Yanatakiwa maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Shaba na aluminiamu haviwekwi katika mzunguko mmoja, kwani kimoja kinakula kingine. Na kabla ya kuwasha kompyuta, pampu peke yake inaachwa izungushe maji siku nzima, karatasi kavu ikiwa imewekwa chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, umeokoa pesa zako.

Hesabu ya umeme

Tuchukue kijana anayecheza au anayefanya kazi ya video saa 5 kwa siku. Wati 800 mara saa 5 ni kilowati-saa 4. Kwa mwezi, ni 120. Chukua bei iliyo kwenye risiti yako mwenyewe na uzidishe. Tukisema kwa mfano tu kwamba kilowati-saa moja ni senti 25 za dola, mwezi unakula dola 30. Kuna familia nzima mjini ambazo hazitumii pesa hiyo kwa taa, redio na kuchaji simu.

Kwa paneli za jua, hesabu ni ngumu zaidi. Kupata kilowati-saa 4 kila siku, unahitaji paneli za wati 1,000 au zaidi, na batri kubwa za kuhifadhi, kwa sababu watu wengi wanacheza usiku jua likiwa limelala. Kwa jenereta, unachoma mafuta na unapata umeme unaopanda na kushuka, kitu ambacho kompyuta haipendi. Lazima uongeze kifaa chenye batri cha kulinda umeme, kile mafundi wetu wanakiita ondulere.

Linganisha na kompyuta ya kubeba. Hiyo inakula wati 60 hivi. Saa 5 ni kilowati-saa 0.3. Yaani mara 13 chini.

Kuna hesabu nyingine ambayo video za Ulaya haziifanyi. Kompyuta ya kubeba inaingia kwenye begi. Meza haikimbii. Watu wa Beni, wa Oicha, wa Eringeti na wa kusini mwa Lubero wanajua ninachosema. M23 ilipoingia Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, maelfu ya watu walipanda kuelekea Lubero na Butembo na walichoweza kubeba kichwani na mgongoni. Mali isiyobebeka ni mali ya hatari katika eneo letu. Hilo si kusema kijana asijenge. Ni kusema ajue anaweka akiba yake kwenye kitu cha namna gani.

Luviro: mashini zilifuata mto

Sasa twende Lubero. Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925, imejenga vituo vya umeme wa maji kwenye mito inayoshuka milimani. Cha kwanza kilikuwa Mutwanga, wilaya ya Beni, mwaka wa 2013, kidogo, cha kilowati karibu 400. Kikafuata Matebe, Rutshuru, chenye zaidi ya megawati 13. Halafu Luviro, katika wilaya ya Lubero, karibu megawati 14. Fikra iliyotolewa na hifadhi ilikuwa wazi: umeme ulete kazi, kazi ipunguze vijana wanaoingia msituni kukata makaa au kushika silaha. Mutwanga, kwa mfano, umeme ulileta kiwanda cha sabuni.

Luviro ilipokuwa tayari, ilikutana na tatizo ambalo kila fundi wa umeme analijua. Maji yanapita mchana na usiku, mashini inaweza kuzalisha, lakini nyaya za kupeleka umeme kwa wateja hazijafika kote. Umeme usipotumiwa saa ileile, umepotea. Haupakiwi kwenye gunia kama kahawa.

Tena mwaka wa 2020 ulikuwa mbaya kwa hifadhi. Machi ilifungia watalii kwa sababu ya korona. Aprili 24, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio moja. Pesa za utalii zikakauka. Ndipo mkurugenzi Emmanuel de Merode, pamoja na mfanyabiashara Mfaransa Sébastien Gouspillou, wakaleta Luviro kompyuta za kutafuta bitcoin.

Jarida la Marekani la MIT Technology Review lilitembelea mahali hapo na kuandika habari yake Januari 2023. Lilikuta kontena 10, kila moja ikiwa na mashini kati ya 250 na 500. Kontena 3 zilikuwa za hifadhi yenyewe. Zile 7 zilikuwa za Gouspillou, aliyekuwa akiilipa hifadhi umeme aliotumia.

Mashini hizo si kompyuta za kucheza. Haziwezi kufungua mchezo wowote, wala barua. Kazi yao ni moja: kukisia namba, mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, zikishindana na mashini za dunia nzima. Anayepata namba sahihi analipwa bitcoin. Lakini kwa upande wa umeme na joto, ni ndugu wa ile kompyuta ya mezani. Mashini ya kizazi cha 2016 inakula wati karibu 1,300. Ile ya 2020 inazidi wati 3,000. Chukua kontena yenye mashini 300 za ule mtindo wa zamani: ni kilowati 390. Nyumba yenye taa chache, redio na televisheni ndogo inaweza kutosheka na wati 100. Kontena moja ni sawa na nyumba 3,900 zikiwaka kwa wakati mmoja.

Wala hakuna meza nzuri pale. Kuna feni kubwa zinazovuta hewa ya mlimani, zinaipitisha kwenye mashini, na kuitupa nje ikiwa moto.

Ni wizi wa umeme au ni akili?

Watu wengi mjini wakisikia habari hii wanakasirika. Sisi tunasoma kwa mshumaa, na umeme wa mto wetu unatafuta pesa isiyoonekana? Hasira hiyo tunaielewa. Lakini tuitazame pande zote.

Upande wa hifadhi una hoja yenye uzito. Umeme ambao hauna nyaya za kuupeleka ungemwagika bure. Mashini za bitcoin zinaufuata umeme mahali ulipo. Zinahitaji intaneti ya setilaiti na walinzi, basi. Pesa inayopatikana inalipa askari wa hifadhi, barabara, na hata nyaya zenyewe. Tena mashini hizo zinaweza kuzimwa kwa dakika chache. Kiwanda hukizimi hivyo, hospitali ndiyo kabisa. Mteja wa namna hii, akitumiwa vizuri, anaweza kula umeme wa usiku wa manane na kuwaachia wananchi umeme wa saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, wakati kila mtu anapika na kuwasha taa.

Upande wa pili nao una hoja. Bei ya bitcoin haishikiki. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya dola 17,000. Tena malipo yenyewe yanakatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi: Mei 2020 yalikuwa bitcoin 6.25 kwa kila hesabu iliyopatikana, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mashini ya zamani inayolipa leo, kesho ni chuma cha kutupa. Na kazi zinazopatikana ni chache sana. Mashini elfu kadhaa zinaangaliwa na watu wanaohesabika kwa vidole. Kinu cha kusaga mihogo, karakana ya kuchomelea na kiwanda kidogo cha kahawa vinatumia umeme mdogo kuliko kontena moja, na vinaajiri watu wengi zaidi.

Kwa maoni yetu, swali la kupima Luviro si bitcoin ni nzuri au mbaya. Swali ni hili: je, mashini zinapungua kadiri nyaya zinavyofika kwa wananchi? Kama bitcoin ni mteja wa muda, anayekula mabaki mpaka mji ufike mezani, ni akili. Kama anakuwa mteja wa kudumu kwa sababu analipa bila kulalamika na hahitaji mita, basi mji utabaki nyuma ya foleni miaka mingi. Jibu haliko katika hotuba. Liko katika namba mbili ambazo kila raia ana haki ya kuzijua: megawati ngapi zinaenda kwa kontena, na megawati ngapi zinaenda kwa nyumba, shule, vituo vya afya na karakana, kila mwaka.

Joto linalotupwa

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana. Tumeona kwamba umeme wote unakuwa joto. Kwa hiyo kontena ya kilowati 390 ni pia jiko la kilowati 390, linalowaka mchana na usiku na kupuliza hewa kavu ya moto.

Nchi nyingine zimejifunza kulitumia. Huko Mäntsälä, Finland, joto la kituo cha kompyuta linapasha nyumba za watu. Huko Hønefoss, Norway, kampuni ya bitcoin ilitumia hewa yake ya moto kukausha kuni. Sisi hatuna haja ya kupasha nyumba, lakini tuna kakao ya Beni, kahawa ya Lubero, na mbao. Vyote vinataka kukauka, na mvua yetu haitupi nafasi. Mkulima wa kakao anayeuza punje mbichi kwa sababu jua halikutoka anajua bei anayopoteza. Joto la mashini linaweza kufanya kazi mbili kabla ya kwenda mawinguni. Kushirika cha wakulima kinachokaa karibu na kituo cha umeme kingekuwa na cha kuomba hapo, tena si msaada: ni kitu kinachotupwa.

Kwa kijana anayetaka mashini yake

Turudi mjini. Tunawajua vijana wanaotaka kompyuta yenye nguvu, na si wote wanataka michezo. Kuna wanaokata video za harusi, wanaochora majengo, wanaotengeneza muziki. Kwao kompyuta yenye nguvu ni chombo cha kazi kama cherehani.

Kwanza, nunua umeme kabla ya mashini. Ondulere nzuri na waya wa ardhi vinaokoa pesa nyingi kuliko kadi ya bei kali. Pili, kadi ya kati inatosha. Kadi za wati 120 hadi 200 zinafanya kazi za video bila shida, na feni inazitosha. Maji ni kwa anayetaka kimya na urembo. Tatu, angalia vizuri kadi za mkono wa pili. Hadi Septemba 2022, dunia nzima ilitumia kadi za picha kutafuta sarafu ya ethereum. Tarehe 15 ya mwezi huo mfumo ulibadilishwa, na kadi nyingi zilizochoka zikamwagwa sokoni. Nyingine bado zinatembea kutoka duka hadi duka. Muombe muuzaji aiwashe mbele yako na ifanye kazi nzito nusu saa kabla hujatoa pesa.

Nne, na hili ndilo tunaloliamini zaidi: unganeni. Mashini moja nzuri, kwenye chumba kimoja chenye umeme wa uhakika, inaweza kuhudumia watu sita kwa zamu. Ikiwa ndani ya meza iliyochongwa na seremala wa kata ya Bulengera au Mususa, na rejeta zikitazama dirishani, hakuna atakayelalamika. Itakuwa pia matangazo ya kazi ya seremala.

Mikono iko. Mbao ziko. Mto uko, na tumeona kwamba unaweza kuendesha maelfu ya mashini. Kilichobaki ni kilometa za nyaya kati ya mto na mji. Na hizo huwa zinajengwa mapema zaidi pale ambapo wananchi wanauliza namba, na kurudia kuuliza.